Jina la Mjukuu wa Shigezo

Kijapani chetu kina kipande cha neno, aguneru. Ukikibandika nyuma ya "kufikiri", maana yake umefikiri weee mpaka umekwama. Huyo ndiye mume wangu Shigezo.

Mjukuu wetu alipotimiza siku saba, desturi ilitaka babu achague jina, aliandike kwa mkono wake kwenye karatasi, libandikwe ukutani. Wali mwekundu wa sherehe ukapoa. Wino ukakauka kwenye brashi.

"Baba, bado tu?" binti yetu Mitsuyo akauliza.

"Nafikiri."

"Mzee wewe!" nikamfokea. "Nisingekuposa mimi, mpaka leo ungekuwa getini kwetu unafikiri!"

Akacheka, akachovya brashi, akaandika bila kusita. Herufi ya kwanza ilikuwa ya jina langu.