Herufi Mbili Zisizo na Kazi

Watu wa viwandani wananiudhi, na naanza na hilo ili usije ukanishangaa mbele. Mtu yuko huko mbali, anatengeneza kibodi nyembamba kama andazi lililokataa kuumuka, kisha anaifunga kwa namna ambayo fundi wa Ukunda akitaka kuifungua hana budi kuivunja. Halafu huyo mtu analala usingizi mzuri.

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa na kibanda changu nyuma ya kituo cha mafuta. Mimi ni Mbinya. Wazazi wangu ni Wakamba waliopewa shamba kule Shimba Hills, lakini nimezaliwa huku, na Kiswahili changu ni cha huku. Nilianza na mashini za taipu, nikaenda kwenye redio, na kompyuta za mahoteli zilipoanza kuliwa na chumvi, nikazikaribisha.

Mwanapili alinijia Jumatatu asubuhi, amevaa sare ya mapokezi ya hoteli moja ya Diani. Akaweka mezani kompyuta ya kukunja aliyoifunga ndani ya leso.

"Dada Mbinya, vitufe viwili vimekufa. A na I."

"Nani kaviua?"

Akatazama chini. "Ni mimi."

Nikamwambia aketi anieleze. Baba yake, Mzee Alamin wa Msambweni, alikuwa karani wa mahakama, miaka thelathini anapiga taipu. Kiharusi kilimchukua ulimi na upande wote wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki, nao dhaifu. Mgeni mmoja wa hotelini alimwachia Mwanapili kompyuta ile wakati wa kuondoka, na tangu siku hiyo mzee akawa anasema na watu kwa kidole kimoja. Miezi minne mambo yalikwenda. Kisha uji ukamwagika juu ya vitufe, vikanata, na Mwanapili akatia mafuta ya taa.

"Mafuta ya taa kwenye mpira," nikasema.

"Nilidhani yatalainisha."

"Yamelainisha kweli kweli."

Hakucheka. Akatoa kijikaratasi mkobani, akaniwekea mbele yangu. Alikuwa amenakili maneno ya baba yake ya jana yake: *Shmb lsuzwe.*

"Shamba lisiuzwe," akanisomea. "Shamba letu la Munje. Kaka yangu Boga amepata mnunuzi. Nikimsomea maneno ya baba, ananiambia baba amepotewa na akili, na mimi ninajaza herufi ninazozitaka. Ijumaa baada ya sala anakuja Mzee Chirau, mzee wa kijiji, asikie mwenyewe. Baba asipoweza kusema la kueleweka, Boga atasema kwa niaba yake, basi limekwisha."

Nikampa kibodi ya mezani, ile kubwa ya kawaida, aichomeke nyuma ya kompyuta. Akatikisa kichwa. Walikwisha kujaribu moja ya ofisini. Kidole cha mzee kilikuwa kinashindwa kupanda juu ya kitufe, na kikipanda, kinashindwa kukizamisha.

Hapo ikabidi niwape watu wa kiwandani haki yao, japo kwa shingo upande. Katika kibodi kubwa kila kitufe kina shimo lake, kinateremka ndani yake kama ndoo kisimani. Katika ile nyembamba hakuna nafasi ya shimo. Wameweka vijiti viwili vya plastiki vilivyopishana kama miguu ya kiti cha kukunja, na katikati yake kofia ndogo ya mpira, ndogo kuliko punje ya hindi. Ukigusa tu, kofia inabonyea, ukiachia, inarudi. Kidole cha mgonjwa kinaiweza. Aliyebuni vile hakumjua Mzee Alamin, lakini alimfaa.

Tatizo ni kuingia ndani. Chini ya kofia mna karatasi mbili nyororo za plastiki zilizochorwa mistari ya wino wa fedha, na uji ulikuwa umejipenyeza katikati yake. Chini kabisa mna bamba la chuma. Bamba halina skrubu hata moja. Kiwandani wanapitisha vichomozo vya plastiki kwenye matundu ya bamba, wanavikandamiza kwa chuma cha moto, vinayeyuka na kuwa vichwa kama vya misumari. Nilivihesabu, vilikuwa thelathini na moja. Kuvitoa ni kuvikata, na kinachobaki kinatosha kuyeyushwa mara moja tu. Nikishafunga, nimefunga.

Nilivikata Jumanne kwa wembe, kimoja kimoja, na ulimi wangu siku hiyo haukuwa mzuri kwa aliyenisalimu. Jumatano nikaziosha zile karatasi kwa maji safi, nikazianika kivulini. Kofia za A na I zilikuwa zimevimba na kuchanika, si za kuombea dua. Vipuri vyake hata Mombasa nzima usingevipata. Basi nikafanya nililokuwa nalifanya siku zote na ambalo, niseme kweli, nililionea fahari. Nikang'oa kofia za Q na X, nikazigundisha mahali pa A na I.

Kiswahili kina haja gani na Q? Kina haja gani na X? Wamekaa pale bure kama wageni waliosahau kuondoka. Vifuniko vyao nikavirudisha juu kwa ajili ya sura tu, chini yake hamna kitu. Alhamisi nikapasha chuma cha kulehemu, nikayeyusha vichomozo vyote thelathini na moja. Mwanapili sikumwambia, maana sikuona la kumwambia.

Ijumaa aliniomba niandamane naye hadi Msambweni, pasije pakaharibika kitu mbele ya watu. Nikamkuta Mzee Alamin ameketishwa sebuleni, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Nikampa shikamoo. Akainua kidole kimoja, na macho yake yakanijibu vizuri kuliko midomo ya watu wengi.

Boga nilitarajia kumchukia, nikashindwa. Alikuwa mtu mpana, mchovu, na ndiye aliyekuwa amemwogesha baba yake asubuhi ile na kumbeba hadi kitini. "Mimi nauza ili apate matibabu," akaniambia, bila ya mtu kumuuliza. Mzee Chirau alipofika, akapokewa, akatulia, akasema hakuja na miwani. "Boga, wewe ndiye utakayesoma. Kila neno, kama lilivyo. Asije mtu akasema Mwanapili kajaza."

Boga akakubali, akasogeza kiti ubavuni mwa baba yake. Mwanapili akabaki amesimama mlangoni, ameshika ncha ya leso yake.

"Mzee Alamin," akasema Chirau, "shamba la Munje liuzwe au lisiuzwe? Na sababu yake ni nini?"

Kidole kikaanza. Kilikuwa kinakwenda polepole, lakini hakikuwa kinatangatanga. Karani ni karani. Boga akasoma, "Bismillahi." Kisha, "Lisiuzwe." A na I zilikuwa zinaitika kama mpya, nami nikavuta pumzi. Kisha mzee akaendelea kwa muda mrefu kidogo, akapumzisha mkono. Boga akatazama kioo cha kompyuta, akakitazama tena.

"Soma," akasema Chirau.

"Shamba la Munje ni wafu."

Boga akajipangusa uso. "Mnaona wenyewe. Shamba ni wafu. Haya ndiyo ninayoyaishi kila siku, Mzee Chirau, halafu naambiwa mimi ni mwana mbaya."

Mwanapili akanitazama. Mimi nilikuwa namtazama mzee, ambaye kidole chake kilikuwa kimerudi juu ya kitufe kimoja, kikibonyeza, kikibonyeza tena, na hakuna kitu kilichotokea. Kilikuwa kitufe cha Q.

Kumbe mtu aliyekaa mahakamani na makadhi miaka thelathini anaandika *waqfu*, yaani mali iliyotolewa kwa Mungu isiuzwe tena, na anaiandika kwa Q, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani. Mimi Mkamba wa kanisani nimekaa kibandani na kuamua herufi ipi ina kazi na ipi haina, na sasa nimemfanya mzee wa watu kuwa mwehu mbele ya mwanawe. Sijapata kuona aibu kama ile. Nikafungua kinywa niseme ni kosa langu.

Mzee akainua kidole, kunizuia au kujipa nafasi, sijui. Akatazama kioo. Akalifuta lile neno, herufi moja moja. Kisha akateremka upande wa pili wa kibodi, akatafuta, akabonyeza.

Boga akasoma kwa sauti ndogo, "Shamba la Munje ni wakfu." Kidole kikaendelea, naye akasoma, "Nililiweka mwaka jana kwa chuo cha watoto wa Munje. Karatasi zimo sandukuni mwangu, chini ya majuzuu."

Chirau akasema, "Mtu aliyepotewa na akili hasahihishi maneno yake." Akamwambia Mwanapili alete sanduku.

Mwanapili alikuwa ameinama sandukuni, machozi yanamtiririka bila ya kujificha, na karatasi zilikuwepo zenye mhuri na saini, wakati kidole kilipoanza tena. Hakuna aliyemuuliza kitu safari hii. Kilikwenda, kikapumzika, kikaendelea. Kisha mzee akamgeukia mwanawe, akangoja.

"Soma," akasema Chirau. "Kila neno."

Boga akasogea karibu na kioo. Alisoma kama asomavyo mtoto, neno baada ya neno.

"Boga mwanangu, mbona mimi hukuniuliza?"

Alipofika kwenye neno la mwisho sauti ilimkatika, akalisema tena, kwa sababu aliambiwa asome kila neno.