Mahari ya Mitamba Wawili

Shamima alimpenda Ridha, tena hakuficha. Lakini kupenda ni kitu kimoja, na kukubali hesabu ya kijinga ni kingine. Siku ya ndoa yake kule Vitongoji, shehe alipokuja kwenye pazia la chumba kumuuliza kama ameridhia mahari, jibu alikuwa nalo tayari.

Ami yake bwana harusi, Mzee Hamdan, alikwisha kutangaza sebuleni: milioni moja mkononi, milioni mbili za kuahirishwa, zilipwe siku mke atakapozidai au, Mungu apishe mbali, siku ya talaka. Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Bwana harusi wa Maskati huyo, jamani, mshahara wake riali!

Shamima ndiyo kwanza akakunja uso. Ana duka la mabaibui Wete na mali yake hutoka huko huko Maskati, riali anaijua kama chumvi ya mchuzi wake. Alipoanza biashara, riali moja ilikuwa shilingi elfu nne na ushei. Leo imepita elfu sita. Basi Ridha akikaa miaka kumi bila kulipa, hizo milioni mbili atazilipa kwa riali chache kuliko leo, na mkewe atapokea noti ambazo sokoni hazina tena la kununua.

"Shehe, za mkononi nimeridhia," alisema. "Za baadaye sitaki noti. Nataka ng'ombe, mitamba wawili."

Ame, kaka yake Shamima na walii wa kumwozesha, alitamani ardhi immeze. Mzee Hamdan alicheka kwanza, kisha akaghadhibika. Akauliza kama mtoto wa ndugu yake anaoa au anafungua zizi. Na kama bibi harusi anaona shilingi itaanguka, si aseme tu apewe riali?

"Riali nayo ni noti, Mzee wangu, wala haipandi peke yake," Shamima akajibu nyuma ya pazia. "Ikipanda, bei za hapa huifuata. Huchelewa, lakini hufika. Mtamba wa mwaka nilioanza duka na wa leo, ukimhesabu kwa riali, bei ni ile ile. Ridha hatoi zaidi. Ila mimi sitopunjika."

Mzee Hamdan akainuka, akaenda mlangoni kutafuta viatu vyake. Shamima akaogopa kweli kumkosa Ridha. Hata hivyo neno lake hakulirudisha.

Bwana harusi hana ruhusa ya kusema siku hiyo mpaka aitikie nikaha. Ridha akasema.

"Ami, keti. Mamangu alipoachwa, mahari yake ya kuahirishwa ulimpelekea weye kwa mkono wako. Ilimtosha kununua nini?"

Mzee Hamdan alisimama pale, kiatu kimoja mguuni.

"Sukari," alisema. "Kilo mbili."

Akavua kiatu, akarudi kukaa, akamwambia shehe aandike ng'ombe.