Msaidizi Maalumu

Kila siku ya kazi, saa saba kasoro, Dada wa Chai alitoa bakuli la Bosi kwenye friji, akalegeza mfuniko ili mvuke upate pa kupitia, akaliweka kwenye maikrowevu ya ghorofa ya pili. Ndani ya bakuli mlikuwa na samaki. Sahani ya kioo ilipokuwa ikizunguka, yeye aliegemea mlango wa jiko ili mtu asiingie. Mashine ikilia, alilifunika bakuli kwa kitambaa cheupe na kulibeba hadi mwisho wa korido. Waliokuwa wakipita muda huo waligeuka kutazama ukuta, na ukuta wenyewe haukuwa na cha kutazamwa. Ndiyo ilikuwa adabu ya ofisi ile. Chakula cha Bosi hakikuonwa na mtu, na kwa kuwa hakikuonwa, hakikunuka.

Wafanyakazi wengine walikatazwa kupasha samaki, na tangazo la katazo lilibandikwa juu ya mashine kwa herufi kubwa. Mhasibu, aliyependa samaki kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, alihamia kwenye mayai na akakonda. Dereva alikula mkate mkavu ndani ya gari. Hata hivyo harufu ilikuwepo, na ilikuwa ya samaki. Aliyepasha viazi alikula viazi vya samaki, aliyepasha maziwa alikunywa supu. Ilipofika hatua ya barua za ofisi kunuka, Afisa Utumishi aliunda kamati.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Ilinusa vyombo vya chakula vya wafanyakazi wote, ikanusa mikoba, ikanusa mikono ya Dereva mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilinuka petroli. Mlango wa mwisho wa korido haikuufikia, muda ulikuwa umekwisha. Ikatangaza kwamba harufu ile imetokana na watumishi wa ngazi ya chini.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," Afisa Utumishi alisema kikaoni. Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko, kila mmoja akiangalia kalamu yake.

Baada ya kikao alimwita Dada wa Chai pembeni. Ijumaa wangekuja wageni kutoka makao makuu, na wageni wa namna ile huja na pua zao.

"Harufu itoke, dada yangu," alimwambia. "Ikitoka, ile nafasi moja ya ajira iliyo wazi ni yako. Isipotoka, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Dada wa Chai alikuwa kibarua. Mkataba wake uliongezwa mwezi hadi mwezi, kwa sharti ambalo halikuandikwa popote kwamba asiuzoee. Hakutaka ukubwa. Alitaka kadi ya bima, maana kadi ile ilimtibu mfanyakazi pamoja na mzazi wake, na mama yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi na kutoka mchana. Mama alikuwa akisubiri mchana huo kwa uvumilivu. Siku hizi alimimina chai akiwa ametumbukiza ncha ya kidole kikombeni ili ajue imefika wapi, na vidole vyake vilikuwa vimeungua. Dada wa Chai aliviona vidole vile kila jioni na kila jioni roho ilimuuma.

Basi akaanza kazi. Alichemsha maji yenye vipande vya ndimu ndani ya maikrowevu mpaka kioo cha mlango kikafunikwa na mvuke, akauacha mlango umefungwa, kisha akapangusa kuta. Harufu ikawa ya samaki aliyekamuliwa ndimu. Kuanzia saa nne asubuhi ofisi nzima ilishikwa na njaa, na Mhasibu alikutwa jikoni amesimama tu, macho ameyafumba. Siku iliyofuata alijaribu siki. Baada ya siki aliweka kikombe cha kahawa ya unga, na harufu ikachangamka, ikaanza kufika hadi ngazi za chini.

"Wewe unaikaribisha, huifukuzi," wifi yake alimwambia nyumbani. Wifi alikuwa fundi wa nywele na hakuwahi kukosa neno. "Mgeni ukimletea ndimu, ukimletea kahawa, ataondoka vipi? Mpake magadi umfungie na mkaa, hapo ataelewa."

"Na akigoma?"

"Akigoma basi si mgeni. Ana kwao humo humo."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Dada wa Chai naye alicheka, ingawa kicheko chake kiliishia njiani.

Jumatano, watu walipokwisha kula, alitoa sahani ya kioo akaiosha kwa sabuni, akatoa na lile duara lenye magurudumu madogo linalokaa chini yake. Alikoroga magadi na maji kidogo akapaka kila pembe, hata juu darini mwa mashine ambako mafuta hurukia na hakuna anayeinama kutazama. Alipangusa, akakausha, akaweka bakuli la vipande vya mkaa ndani na kufunga mlango. Aliuacha hivyo mpaka Alhamisi asubuhi.

Alipoufungua, harufu ilitoka. Haikutoka kama moshi wala upepo. Ilishuka mezani, ikasimama kwenye vigae, ikatulia kidogo kama mtu aliyekaa muda mrefu na miguu imekufa ganzi. Haikuwa na umbo, lakini mahali ilipokuwa palijulikana. Dada wa Chai aliingiza kichwa ndani ya maikrowevu akavuta pumzi. Ilikuwa safi, inanuka bati na kioo tu. Alishukuru Mungu, akaipisha harufu ipite mlangoni.

Harufu ikaingia kwenye korido. Ilisimama mbele ya kila mlango, na ndani ya kila chumba watu waliacha kuandika. Hawakuogopa kunuka, walikwisha zoea kunuka. Waliogopa kuchaguliwa. Ilipompita Mhasibu, alijishika kifua akamwomba Mungu amsamehe mawazo yake yote kuhusu samaki. Dereva alikutana nayo uso kwa uso akajibana ukutani. Mwenye nguvu mpishe. Ilifika mlango wa mwisho na haikubisha hodi, maana mwenye nyumba habishi hodi kwake. Iliingia ikakaa kwenye kiti kilicho karibu na meza ya Bosi.

Bosi alikuwa anasoma gazeti. Alilishusha, akakitazama kiti, akamtazama Dada wa Chai aliyekuwa mlangoni na kitambaa mkononi.

"Nani kaileta hii hapa?"

"Bosi, mimi nimeitoa tu jikoni. Imekuja yenyewe."

"Uliambiwa uitoe," Bosi alisema. "Hukuambiwa uilete."

Watu waliochungulia walirudi kwenye viti vyao. Sasa kila mmoja alijua kile alichokuwa akikijua siku zote, na jambo la namna hiyo huchosha. Walifunga milango taratibu.

Bosi alijaribu kuitoa. Alijipulizia marashi, akaipulizia na harufu. Harufu iliyapokea marashi bila ubishi, ikawa ya samaki na marashi, ikaendelea kukaa. Alipokwenda msalani iliinuka ikamfuata na kumngoja nje. Alipoingia kikaoni ilikaa kuliani kwake. Watu walipoinuka kwa heshima ya Bosi, walijikuta wamebaki wima mpaka na harufu ikae, maana hakuna aliyetaka kuonekana amekaa mapema.

Jioni hiyo Dada wa Chai alisimulia yote nyumbani. Wifi alidai aonyeshwe harufu ilivyotembea, akaigiza mwenyewe sebuleni, tumbo mbele. Mama alitaka kujua jambo moja tu.

"Kwa hiyo imetoka jikoni?"

"Imetoka, mama."

"Basi kazi umeimaliza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Bosi na Afisa Utumishi walikuwa bado ofisini. Tatizo lao lilikuwa wazi: wageni wangeingia asubuhi, na katika ofisi ya Bosi kusingeweza kuwa na harufu. Harufu ilikuwa ya watumishi wa ngazi ya chini, kamati ilikwisha sema, na maneno ya kamati hayarudi nyuma. Walifungua madirisha, walizungusha feni. Mwishowe Afisa Utumishi, ambaye hakupata cheo chake kwa kulala, aliuliza kwa upole kama Bosi hana haja ya msaidizi.

Ijumaa wageni walikuja wakiwa wamevaa suti. Kiongozi wao aliingia kwa Bosi, akasita kizingitini, pua ikamcheza.

"Na huyu?" aliuliza.

"Huyu ni Msaidizi wangu Maalumu," Bosi alisema. "Ameanza leo."

Funika kombe mwanaharamu apite. Mgeni alisogea hadi kwenye kiti akanyoosha mkono, akautikisa mara kadhaa hewani, akasema amefurahi kumfahamu. Wenzake nao wakanyoosha mikono, kila mmoja kwa zamu yake. Dada wa Chai aliwaletea chai, na Bosi alimwonyesha kwa jicho kwamba kikombe kimoja kimepungua. Alirudi na cha Msaidizi. Wakati wa kuaga, kiongozi wa wageni aliisifu ofisi kwa usafi wa jiko lake, kisha akamsifu Msaidizi Maalumu kwa utulivu.

"Hana maneno mengi," alisema, "lakini akiwepo, unajua yupo."

Dada wa Chai alingoja hadi magari yaondoke, akaenda kwa Afisa Utumishi. Alikuwa amevua aproni na kuikunja vizuri.

"Nimekuja kwa ile nafasi."

"Nafasi ina mtu, dada yangu."

"Si uliniahidi mimi?"

"Nilikuahidi ikiwa wazi. Sasa haiko wazi. Wewe ni mtu wetu, utavumilia. Yule mgeni."

"Ile ni harufu."

Afisa Utumishi aliweka kalamu chini. Alionekana kuumia kweli.

"Dada," alisema, "mambo ya kubaguana kazini hatuyataki hapa."

Mkataba wake uliongezwa mwezi mmoja. Kadi ya bima ya Msaidizi Maalumu ilitoka mapema kuliko kadi yoyote iliyowahi kutoka katika ofisi ile. Mahali pa picha palikuwa na mraba wa kijivu, na wote walioiona walisema ametoka vizuri. Mahali pa wategemezi paliandikwa kwamba hana. Dada wa Chai ndiye aliyeipeleka, juu ya sinia, kando ya kikombe cha chai. Alisimama na sinia ile mbele ya kiti na kwa muda mrefu alishindwa kuiachia. Chuki iliyompanda ilimshangaza mwenyewe, maana hakuwahi kumchukia mtu, na sasa alikuwa anamchukia asiye mtu.

Maisha yalirudi kwenye mstari. Bosi aliendelea na samaki wake, na bakuli likawa kubwa zaidi kwa kuwa sasa walikuwa wawili. Watu waliendelea kutazama ukuta. Tangazo lilibaki juu ya mashine, mayai yalibaki kwenye meza ya Mhasibu. Mwezi haukwisha maikrowevu ikaanza kunuka tena, na kamati ikaitwa. Safari hii Msaidizi Maalumu aliteuliwa kuwa mwenyekiti wake, na ilikubalika kwamba ana uzoefu.

Siku moja kulikuwa na kikao kirefu kwa Bosi na Dada wa Chai alishinda humo, akipeleka vikombe na kurudisha vikombe. Alipofika nyumbani, Msaidizi Maalumu alikuwa amemkaa kwenye nguo na nywele, samaki chini, marashi juu. Wifi hakuwa amerudi kutoka kazini. Mama alikuwa peke yake sebuleni. Alisikia mlango, akageuza uso, akavuta hewa puani. Kisha akainuka haraka kuliko alivyozoea, akajitengeneza mtandio, akafuta kiti kwa kiganja.

"Karibu, Bosi," alisema. "Karibu ukae. Utanisamehe, macho yangu hayakuoni vizuri."

Dada wa Chai alikaa. Alitaka kusema ni mimi, mama, lakini mama alimtangulia.

"Sitakupotezea muda, baba. Ni neno moja tu, la huyu binti yangu. Ni mchapakazi, na hana ugomvi na mtu. Hajui kujisemea, ndiyo maana namsemea mimi. Mtamwajiri lini?"

Alikuwa ameinama kidogo, akitabasamu kuelekea mahali fulani juu ya bega la bintiye, mikono yake yenye vidole vilivyoungua ameikutanisha mbele. Dada wa Chai hakuwahi kumwona mama yake akimwomba mtu kitu. Aliona hawezi kumwambia kwamba ameomba bure, tena mbele ya mwanawe. Alikohoa, akaitia sauti yake uzito kidogo.

"Suala lake linashughulikiwa, mama," alisema.

Mama alishukuru kwa mikono miwili. Kisha akaenda jikoni, akipapasa ukuta, kumchemshia Bosi chai.