Kukaa Kitako Moto Ukiwaka

Wenzake wa hotelini walimbandika jina la Kikaango, na jina likamganda mpaka akastaafu nalo. Miaka thelathini na mitatu alisimama mbele ya moto akikaanga mayai, soseji na bekoni za wageni wa asubuhi, na alikuwa mpishi wa masikio. Hakutazama saa. Alisikiliza tu. Bekoni ikipiga kelele, bado ina maji. Kelele ikishuka ikawa mlio mwembamba, itoe. Aliweza kukipa kikaango mgongo, akakata nyanya zake taratibu, kisha akageuka kwa wakati wake barabara. Wapishi wageni walimwona mchawi, naye hakujisumbua kukanusha.

Masikio yalibaki mazima. Mikono ndiyo iliyoanza kumwangusha. Alipohamia kwa bintiye baada ya kustaafu, ilishaanza kutetemeka, kidogo tu, kama ya mtu mwenye baridi. Mara ya kwanza mafuta yalimrukia kidoleni, akanyamaza. Mara ya pili yalimrukia kifuani, akabadilisha shati kabla binti hajarudi kutoka kazini. Lakini Alhamisi hiyo kikaango kilimponyoka, mafuta ya moto yakammwagikia kifundo cha mkono na malengelenge yakavimba waziwazi. Binti mwenyewe ni muuguzi. Angemdanganya nani?

Binti alimfunga bendeji kwanza. Alipomaliza akatoa hukumu. Kuanzia kesho baba asiguse jiko. Atapika yeye akitoka zamu, au atapika mumewe, na siku ambazo wote wamechoka watakula mkate mkavu, kwani hakuna aliyekufa kwa mkate mkavu. Kikaango aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alijiona kama ameambiwa afungashe virago. Tuseme ukweli, katika nyumba ile hakuwa na pengine pa kujidai. Televisheni ilikuwa yao, sebule yao, hata mto aliolalia ulichaguliwa na binti. Jikoni tu ndiko alikokuwa mwenyeji. Wakimnyang'anya jiko, anabaki mgeni wa kula na kulala.

Aliyemwokoa ni mkwe wake, fundi rangi, mtu wa kucheka hata na ukuta. Aliuliza kwa nini baba asitumie oveni. Bekoni unaipanga kwenye trei, unafunga mlango, mafuta yanaruka humohumo ndani mpaka yachoke yenyewe. Binti alifikiri, akakubali shingo upande. Wamjaribu Jumamosi, mara moja. Mambo yakienda vizuri, jiko litabaki la baba. Akiungua tena, au akirudia kikaango kwa siri, mjadala umefungwa.

Mzee hakujua acheke au alie, maana oveni aliidharau tangu ujana. Kule hotelini oveni zilikuwa za waokaji mikate, na kati ya waokaji na wakaangaji palikuwa na utani usiokwisha. Waokaji waliitwa wazee wa baraza, kwa kuwa wakishafunga mlango wa oveni huvuta viti wakapiga soga. Mkaangaji hakai. Kikaango alijigamba kwa kila aliyetaka kumsikia, na kwa wengi wasiotaka, kwamba tangu aanze kazi hajawahi kukaa kitako moto ukiwaka. Leo, na mvi zake, awe mwokaji!

Jumamosi aliamka wa kwanza. Akatandika karatasi ya kuokea kwenye trei, akapanga vipande kimoja kimoja visipandane, akaweka nyuzi mia mbili na dakika ishirini kama mkwe alivyomwelekeza. Alivaa glavu nene za jikoni, akasukuma trei ndani kwa uangalifu, akafunga mlango. Kisha akatega sikio.

Hakusikia kitu. Feni ya oveni ilikuwa inavuma na imefunika kila sauti. Akasogeza sikio kwenye kioo, joto likamfukuza. Akafungua mlango kidogo, akasikia mlio ule kwa mbali, roho ikatulia, akafunga. Dakika haikupita wasiwasi ukampanda tena. Akafungua. Akafunga. Akafungua. Kila alipofungua joto lilimpiga usoni na kutokomea dirishani, naye hakulitilia maanani, maana kwenye kikaango moto uko chini ya macho yako na haukimbii. Kengele ilipolia alitoa trei akakuta bekoni imepauka, imelegea, imelala kwenye mafuta yake kama tambara lililosahaulika ndooni. Miaka yote ile hajawahi kumpelekea mtu kitu cha namna hiyo. Aliona aibu, aibu hasa, ya kutaka kujificha.

Na binti alikuwa mlangoni, amesimama na kanga yake ya kulalia.

"Nimeshindwa, mama," alisema mzee kabla hajaulizwa.

Binti aliangalia trei, kisha akamshika mkono na kuigeuza ile bendeji huku na huku. Ilikuwa safi na kavu.

"Umeungua?"

"Hapana."

"Basi hujashindwa. Haijaiva tu. Irudishe."

Kikaango alitaka kueleza kwamba chakula kikishatoka motoni hakirudi, hiyo ni sheria, mpishi mkuu wa hotelini alikuwa anafukuza watu kwa kosa hilo. Binti hakungoja mhadhara. Alirudisha trei mwenyewe, akaongeza dakika kumi na tano, akavuta viti viwili mezani. Kisha akamwambia baba akae.

Mzee akasema lazima asikilize. Akasema miguu yake haijazoea. Akasema atakaa baadaye.

"Kaa, baba."

Akakaa, ukingoni mwa kiti, kama mtu aliyeitwa ofisini. Macho yake hayakubanduka kwenye oveni. Mara mbili aliinuka nusu, na mara mbili binti alimshika mkono wa shati akamrudisha chini. Ili kuficha fadhaa yake akaanza majigambo ya kila siku, kwamba mkaangaji wa kweli hakai, na kwamba huyu anayemwona amekaa leo si yeye. Alitegemea binti atacheka. Hakucheka.

"Siku zako za mapumziko ulikuwa unatupikia nyumbani," alisema binti. "Halafu unasimama pale jikoni mpaka tumalize. Mimi nilidhani hupendi kula na sisi. Nikamwuliza mama. Mama akasema, baba yako kashiba harufu."

Kwa akili ya Kikaango, kusimama kule ndiko kulikuwa kupenda. Alisimama ili sahani ya pili ije ya moto, ili asipungukiwe mtu. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto mezani anayehesabu kiti kilicho wazi.

"Nilikuwa nawaangalia mnavyokula," alisema hatimaye. "Nilikuwa nafurahi sana."

"Ungefurahi ukiwa umekaa."

Machozi yalimlengalenga, akasingizia joto la oveni. Binti akamkubalia uongo huo, akaanza kumsimulia habari za wodini, za mgonjwa mmoja aliyekataa sindano mpaka aimbiwe, na muuguzi mkuu, mama mzito mwenye heshima zake, akalazimika kuimba. Kikaango alicheka mpaka akaegemea kiti vizuri, mgongo wote. Mlango wa oveni haukufunguliwa tena, na wala hakukumbuka kuufungua.

Harufu ndiyo iliyomwamsha mkwe. Aliingia akipikicha macho, akauliza ni nani anaolewa mbona hakualikwa, akakata mkate bila kungoja jibu. Kengele ikalia. Binti alivaa glavu akatoa trei, akahamishia nyama kwenye karatasi inyonye mafuta. Ilikuwa imeiva haswa, hudhurungi, nyingine ya katikati laini, nyingine ya pembeni imekauka kabisa. Akasema jiko ni la baba, kwa masharti mawili, oveni na kukaa. Mzee akakubali yote mawili haraka, binti asije akabadili mawazo.

Binti akaingiza uma kwenye nyama, akasita.

"Wewe unapenda ipi, baba? Laini au iliyokauka?"

Swali hilo Kikaango mwenyewe aliliuliza kila asubuhi ya Mungu, kwa mamia ya watu. Alikumbuka bwana aliyetaka yake iungue kabisa, na bibi wa ghorofa ya tatu aliyetaka ionyeshwe moto tu. Majibu ya wageni aliyajua kwa moyo. Lake hakuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumgeuzia swali.

"Sijui," alisema.

Binti akamwekea kipande kimoja cha kila namna. Mzee akala kile laini kwanza, akatafuna polepole. Akala kilichokauka. Mkwe aliacha mkate wake hewani, wote wawili wakimtazama.

"Hii," alisema mdomo umejaa. "Mimi napenda iliyokauka."

Binti akachagua vipande vingine vitatu vilivyokauka, akavipanga kwenye sahani ya baba yake, ndipo akajipakulia yeye.