Risasi Sita Katika Kabati la Mahamri

Konstebo Tryphena alirudi Voi kutoka mafunzo ya wiki mbili Nairobi akiwa na lenzi, daftari lililojaa, na furaha isiyomwenea mwilini. Alikuwa amefundishwa kwamba mvuke wa supaglu, ile gundi kali, hunasa kwenye jasho na mafuta yaliyoachwa na vidole, ukayafanya meupe kama chokaa. Iwe chupa, iwe plastiki, iwe hata shaba ya risasi. Aliwasimulia wenzake kituoni chai ya asubuhi na chai ya jioni, mpaka ikawa akifungua mdomo tu, watu wanakumbuka kazi walizoacha mezani.

Halafu ikaja kesi ya Sylus.

Mwaka huo wa 1996 Sylus alikuwa dereva wa lori la maji katika ranchi moja upande wa Makwasinyi. Msimamizi wake, Kitheka, aliripoti kwamba ameona mkebe wenye risasi sita chini ya kitanda cha Sylus. Ndovu wawili walikuwa wameuawa mwezi ule, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Sylus akatiwa ndani. Kitheka akaandika taarifa na kuitia sahihi: aliinua kifuniko, akachungulia, akafunika. Hakugusa hata risasi moja.

"Mimi hiyo mkebe sijawahi kuiona, madam," Sylus alimwambia Tryphena. "Hata sasa sijui ndani kuna nini."

Tryphena alienda ranchi akachukua alama za vidole vya wafanyakazi wote wanane. Kitheka alikuwa wa kwanza kunyoosha mikono. Alicheka wino ulipomchafua, akauliza kama utatoka kabla ya Jumapili.

Kazi ilikuwa kumshawishi Inspekta Mwanzia.

"Risasi yenyewe nyembamba kama kidole cha mtoto," alisema inspekta. "Utapata nini hapo?"

"Hizi hazijapigwa, afande. Ikishapigwa, moto na msuguano huharibu karibu kila kitu. Hizi bado ziko na jasho ya mwenye kuzishika."

"Na hiyo sanduku ya kioo ya kuzifukizia iko wapi?"

Kituo hakikuwa nalo. Lakini kila siku akienda kazini alipita dukani kwa Bi Mwanamina, na juu ya kaunta ya Bi Mwanamina palikuwa na kabati dogo la kioo, mlango wake unafunga vizuri, mahamri yamepangwa ndani.

"Wataka kabati langu ulitie risasi?" Bi Mwanamina aliuliza, akijifunga leso upya kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Nitaliosha, bi."

"Hutaliosha mwanangu, maana halirudi hapa. Mimi siwezi kuwauzia watu mahamri yaliyolala na risasi. Lichukue kabisa. Ila ukishapata ulitakalo, nataka nisikie mimi kabla ya mtaa mzima."

Akayahamishia mahamri kwenye sinia, akalifuta kabati makombo, akalisindikiza mpaka mlangoni kwa macho.

Kwenye stoo ya kituo Tryphena alifungua dirisha. Alizishika risasi kwa koleo ndogo kwenye ukingo wa kitako tu, akazifunga nyuzi, akazining'iniza ndani ya kabati. Kando yake alitundika kizibo cha soda alichokishika yeye mwenyewe, ili ajue kama mvuke unafanya kazi. Kikombe cha maji ya moto hapa, matone ya gundi kwenye karatasi ya foili pale, chini yake balbu ya taa. Inspekta alisimama nje ya mlango, kichwa tu ndani.

"Hazitalipuka?"

"Hiyo balbu haiwezi hata kuchemsha yai, afande."

"Endelea. Mimi nitaangalia kutoka hapa."

Dakika kumi, hakuna kitu. Kumi na tano, kizibo kikaanza kupauka. Tryphena akapiga magoti, pua karibu iguse kioo. Kwanza ulijitokeza mstari mmoja mweupe, halafu wa pili, halafu duara zima, kama mtu asiyeonekana ameketi mle ndani anachora kwa kalamu nyembamba. Kizibo kilikuwa na kidole chake. Na risasi ya tatu ilikuwa na gumba la mtu. Na ya tano pia.

Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Alijaribu kukimeza, kikarudi kwa nguvu. Aliposimama kumpigia inspekta saluti aligundua kidole gumba na cha shahada vimegandana kwa gundi, akapiga saluti hivyo hivyo, kama mtu anayeonja chumvi.

Alizipiga picha, kisha akaketi na lenzi na zile fomu nane. Fomu ya Sylus haikulingana. Ya pili hapana, ya tatu hapana. Kwenye ya nne akasogeza lenzi karibu. Kovu dogo lililokata mistari upande wa kushoto. Uma, mstari mmoja uliogawanyika viwili, chini ya kovu. Alihesabu mara tatu, kila mara akipata alama kumi na nne za kufanana. Gumba lilikuwa la Kitheka, aliyeapa hakugusa kitu.

Nairobi walithibitisha Alhamisi. Kitheka alipowekewa picha mezani alisema polepole kwamba Sylus alikuwa amekataa kubeba pembe chini ya tangi la maji, na mtu aliyekataa anaweza kusema.

Tryphena alipita kwa Bi Mwanamina kwanza, akamnong'oneza juu ya kaunta, na Bi Mwanamina akalazimika kuketi. Ndipo akaenda kumfungulia Sylus.

"Ni jasho ya Kitheka," alimwambia. "Tumeifukiza kwa gundi, ndani ya kabati ya mahamri."

Sylus alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya mbali. "Mahamri?"

"Mahamri."

Sylus akaanza kutetemeka mabega. Tryphena alidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, ameshikilia nondo za mlango ambao tayari ulikuwa wazi. Naye akaambukizwa. Wakacheka mpaka wakashindwa kutembea, na askari wa kaunta, ambaye hakujua lolote, akaweka kalamu chini akacheka nao.