Mbuzi Waliomezwa na Kinu

Kuku alikuwa akiatamia mayai ndani ya mdomo wa kinu, na hakuna aliyemfukuza. Wenye hisa walikaa juu ya magunia matupu wakimtazama, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema. Kinu hicho cha ngano, pembeni ya mji wa Butembo, kiliachwa na Mzungu mmoja aliyeondoka mwaka wa uhuru. Wakulima wa Masereka waliunganisha mifugo yao, wakakinunua, wakasema sasa hata mkate wa Butembo utakuwa wetu. Kisha wakaja waasi. Walichukua lori, wakakata mkanda wa injini wakajitengenezea viatu. Walipofukuzwa, jeshi lililokuja nyuma yao likala ngano iliyobaki.

"Bazee, nitasema ukweli," alianza Esdras, msimamizi wa kinu. "Mukanda mupya uko Kampala. Barabara ya Kasindi, kule mupakani, ikifunguka, tutasaga. Misioni inataka unga, kambi ya jeshi inataka unga. Lakini kwa leo, kila mutu anayejitoa, ninauzisha kitu ya kinu juu ya kumulipa hisa yake. Na kitu yenye inabakia ni injini."

"Basi tungoje tu kama bajane," alisema Mathe, mwenye hisa kubwa kuliko wote. "Kuku ile ndiyo peke yake inapata faida humu."

Wengine walicheka, cheko la msibani. Sikuli, mkulima wa Masereka, hakucheka.

"Mimi hapana toka," alisema. "Ngano haivutwi majani ili ikomae."

Mathe aliinamisha kichwa. Siku ile hakuna aliyejitoa. Sikuli alirudi Masereka akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Hisa yake ilikuwa mbuzi wa mahari ya Kanyere, binti yake, aliyeolewa Beni na mchuuzi wa kahawa aitwaye Urbain. Siku alipowafungulia zizi kuwapeleka kinuni, Katungu mkewe alisimama mbele yake. "Mbuzi ya mutoto mwanamuke inalala kwa baba yake mpaka azale," alimwambia. "Akitaka kurudia kwetu na mbuzi za kurudisha haziko, atapita wapi?" Sikuli alimjibu kwamba mbuzi huzaa mbuzi tu, lakini kinu huzaa mji. Jibu hilo alilipenda, akalirudia mara nyingi mbele ya watu.

Majira ya kupanda, Kanyere alikuja. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu, kitambaa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mama yake alikifunua, akakirudisha upesi, akatoka nje kupepeta maharagwe yaliyokwisha kupepetwa.

"Baba," alisema Kanyere, "urudishie Urbain mbuzi zake."

Sikuli alichokoa moto. "Nitamuita mbele ya bazee. Watamukanya."

"Walishamukanya. Akanipiga sababu ya kule kukanywa."

"Mbuzi ziko mu kinu, mwanangu. Nikitoa yangu, Mathe atatoa yake, na bengine bote. Injini itauzwa, na hata mbuzi zenyewe hatutazipata zote. Vumilia kidogo. Mukanda uko njiani."

"Mukanda gani?"

Akamweleza. Alimweleza habari za Kampala, za misioni, za kambi na mkate wake wa kila asubuhi. Alieleza vizuri. Kanyere alimsikiliza kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asikokwenda. Baba alipomaliza, alisema, "Sawa, Baba," akaomba viazi vya kupeleka nyumbani, akateremka.

Mkanda ulichelewa. Barabara ilifunguka ikafungwa tena. Esdras alihamia kinuni kulinda injini isiibwe, akawa analala kando yake kama mtu anayeuguza. Kila mwenye hisa aliyechoka alitumwa kwa Sikuli, naye alimtuliza. Watu walianza kumtolea mfano kwa uvumilivu. Ni kweli alivumilia, ila kungoja hakukumuuma popote. Alikula, alilala, alipalilia ngano yake.

Kanyere hakuja tena. Waliotoka Beni walisema yupo, analima. Baadaye wakasema amejifungua, na mwaka mwingine wakasema amejifungua tena. "Unaona?" Sikuli alimwambia mkewe kwa furaha. "Nyumba yake inatengenea." Katungu aliendelea kumenya viazi.

Siku mkanda ulipofungwa, kinu kilinguruma hata watu wakaacha soko kuja kutazama. Unga ulipaa, ukatua kwenye nyusi za Sikuli, naye hakuufuta. Baada ya mavuno ya pili kila mtu alipewa faida yake. Sikuli alipata mbuzi wengi kuliko aliotia.

"Muzee Sikuli," alisema Mathe akimshika mkono, "bila weye tungelikula ile injini."

Aliwapakia mbuzi katika lori la Beni, akampelekea Urbain mahari yake. Urbain aliwakagua meno mmoja mmoja, bila hasira wala huzuni.

"Zinatosha," alisema. "Umuchukue. Lakini batoto ni ya ukoo wetu. Hiyo weye mwenyewe unajua."

Sikuli alijua. Hakuna mtu wa kwao asiyejua. Aliijua desturi hiyo tangu utotoni, na njia nzima kutoka Butembo haikumjia kichwani.

Kanyere alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, mwingine ameng'ang'ania kitenge chake. Alikuwa amekonda, na jino moja la mbele halikuwapo.

"Kusanya vitu vyako," baba yake alimwambia. "Kinu kinasaga sasa."

"Nilisikia. Mukate yenu inafika mpaka huku. Iko muzuri."

"Kanyere."

"Siku ile nilikuja mutu mumoja, Baba. Leo niko batu batatu, na mbuzi zako zinatosha mumoja."

Dereva aliuliza kama washushe mbuzi waliobaki au warudi nao. Mbuzi mmoja alikuwa ameshakatiza uani, anakula majani ya maharagwe ya Kanyere. Kanyere alimtua mtoto chini, akaenda akaishika kamba, akamvuta mbuzi polepole mpaka aliposimama baba yake. Akapiga goti, akamkabidhi kamba ile kwa mikono miwili, jinsi binti anavyompa baba yake kitu.