Zoezi la Kumwachisha Shangazi Kazi

Siku alipoleta nyumbani begi la chuo, shangazi yake alimtazama kutoka juu mpaka chini, akambatiza jina la Meneja, na jina likaganda. Wateja wa duka lao la dobi wakalidaka, kinyozi wa mlango wa pili akalidaka, mpaka mwenyewe naye akawa anaitika. Na angelikimbia vipi? Mwanamke aliyekwisha kuziona mvi zake za kwanza, kila alasiri anabeba begi kwenda chuo cha jamii kusomea usimamizi wa biashara, anakaa dawati moja na watoto wa watu. Jina lenyewe lilikuwa la huruma.

Alilipenda darasa kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Chumba kilitazama upande wa jua, kikiwa na mapazia ya manjano, na saa hizo kila kitu humo ndani kilikuwa na rangi ya asali. Feni ilizunguka bila haraka. Mwalimu alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto, na aliposema “mtaji,” “soko,” “mgawanyo wa majukumu,” Meneja, aliyeshinda kwenye mvuke tangu alfajiri, alianza kuelea. Aliliona duka lake likiota madirisha makubwa, likiota ghorofa, na mashati meupe yakipanda ngazi yenyewe, kila moja likijua chumba chake. Alipozinduka, kalamu ilikuwa imechora mstari mrefu uliovuka ukingo wa karatasi na kuingia mezani. Kinyozi, ambaye naye alijiandikisha ili asipitwe, alimsukuma kwa kiwiko na kumwambia afute udenda.

Lakini kila ndoto ilipofika kwenye meza ya kupigia pasi ilikwama, kwa sababu pale alisimama shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea baada ya kaka yake, baba yake Meneja, kufariki. Ndiye aliyelifungua duka, akalala nyuma yake, akalilinda kama yai. Amekula chumvi nyingi, na sasa macho yalikuwa yakimwacha mkono. Siku hizi pasi ilimponyoka akilini. Aliilaza juu ya koti la mtu, akageuka kutafuta maji ya kunyunyizia, na maji akayasahau pia. Koti la daktari lilipata alama ya pasi mgongoni. Gauni la bibi harusi likafuata. Juzi ilikuwa meza yenyewe, na moshi ulipojaa Meneja alimkuta shangazi amesimama katikati yake, anaupungia kwa mkono, anauliza nani anachoma takataka.

Mwenye macho haambiwi tazama. Meneja alitazama, akaona kwamba shangazi ataungua au duka litaungua, na akashindwa kutamka. Mtu aliyekuvusha utoto wako wote kwa mikono ile ile, utamwambia nini kuhusu mikono hiyo?

Ndipo mwalimu akatangaza mtihani wa vitendo. Jumatatu, kila mwanafunzi angekaa mbele ya darasa na kumwachisha mtu kazi kwa heshima.

“Keti naye, usimsimamie kichwani,” alisema kwa sauti yake ya usingizi. “Jambo lenyewe litaje mapema. Mwisho mwachie aulize swali, na umjibu ukweli.”

“Huko si ndiko kuuma na kupuliza?” kinyozi alinong'ona, na safu nzima ya nyuma ikacheka.

Meneja hakucheka. Ubaoni mwalimu alikuwa amechora visanduku vya vyeo, kimoja juu ya kingine, na joto la alasiri likavilegeza mbele ya macho yake. Mistari ikawa kamba za kuanikia, visanduku vikawa vitambaa vinavyopepea, na katika kitambaa cha chini kabisa shangazi alikuwa amejifunika, amelala, mdogo kama mtoto wa shule. Alinyoosha mkono amshushe, akaangusha begi la jirani.

Jumapili mchana duka lilikuwa limefungwa, na jua lilipenya kwenye nafasi za mlango likalala sakafuni. Meneja alivuta kiti mbele ya koti refu la mvua la mteja mmoja, lililoning'inia kwenye henga, akalikazia macho.

“Tumefurahia kazi yako,” aliliambia koti. “Lakini tumeamua upumzike.”

“Unamfukuza nani?”

Shangazi alikuwa amesimama kwenye pazia la chumba cha nyuma, ameshika ukingo wake.

“Simfukuzi mtu, shangazi. Nafanya zoezi la chuo.”

“Na koti litakujibu?” Alikuja taratibu akipapasa kaunta, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mpwa wake, magoti kwa magoti. “Haya. Mimi ndiye mfanyakazi. Anza.”

Hapo ndipo Meneja alipaswa kusema kichwa kinamuuma, au chakula kinaungua jikoni. Akapiga moyo konde akaanza, kwa sababu alijidanganya kwamba katika mchezo maneno hayamuumizi mtu.

“Tumefurahia kazi yako.”

“Kazi gani? Mfanyakazi huyu alikuwa anafanya nini?”

“Alikuwa mpiga pasi.”

Vumbi lilielea katika miale ya jua kati yao. Shangazi aliweka viganja juu ya magoti, akakaa wima kama mtu aliyeitwa ofisini.

“Amekosa nini?”

“Hajakosa. Macho yake yamechoka. Pasi anaisahau juu ya nguo. Juzi meza imeshika moto na yeye hakujua moshi unatoka wapi. Naogopa siku moja nitarudi kutoka chuo…” Alikumbuka alivyofundishwa, akajikaza. “Kwa hiyo kuanzia kesho hatapiga pasi tena.”

“Nimesikia,” alisema shangazi. Hakukasirika. “Ninaruhusiwa swali?”

“Unaruhusiwa.”

“Kesho nikiamka, niende wapi?”

Meneja alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, ya barua ya shukrani, ya siku ya mwisho, ya nani atashika nafasi. Hilo halikuwemo. Miaka yote shangazi aliamka, akavuka pazia, akawa amefika kazini. Nyumba yake nzima ilikuwa njia ya kuelekea meza ile.

“Sijui, shangazi,” alisema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. “Sijui kabisa. Na mimi sitaki kubaki humu peke yangu.”

“Umejibu ukweli. Mwalimu wako atafurahi.” Shangazi alifungua aproni yake, akaikunja kwa kuipapasa kona kwa kona, akamwekea mpwa wake mapajani. Kisha akarudi nyuma ya pazia.

Jumatatu asubuhi pazia halikutikisika. Meneja alipiga pasi peke yake, mvuke ukimzunguka, na kila mara alitega sikio na kusikia redio ndogo ikinung'unika chumbani. Baadaye redio nayo ikanyamaza. Mchana, mlango wa barabarani ulifunguliwa.

Aliyeingia ni shangazi. Alikuwa ametokea mlango wa uani na kuzunguka jengo zima akifuata ukuta kwa mkono, amevaa viatu vyake vya kutokea, na kwapani alikuwa na gauni la buluu. Alisimama upande wa wateja, mahali ambapo hajawahi kusimama maishani mwake.

“Shikamoo, shangazi,” alisema Meneja.

“Marahaba. Nimeleta nguo yangu.”

Meneja alilikunjua gauni juu ya meza. Mganga hajigangi. Lilikuwa zuri, na lilikuwa na makunyanzi ya tangu liliponunuliwa, maana kila jioni mwenyewe alikuwa amekwisha kunyoosha nguo za mji mzima na mkono haukubaki na nguvu.

“Litakuwa tayari lini?” aliuliza shangazi, kwa heshima kabisa, kama wateja wanavyouliza.

“Kaa tu. Nakupigia sasa hivi.”

Shangazi akaketi kwenye benchi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikakosa, ikatulia mapajani. Mvuke ulipanda, nuru ya barabarani ikauchukua ukawa mweupe, na uso wake ukapotea na kurudi, ukapotea na kurudi.

Kinyozi alichungulia, daftari mkononi. “Meneja, twende. Mtihani unaanza.”

“Tangulia.”

Alipiga kola, mikono, kiuno, akashuka mpaka pindo la chini. Gauni lilikuwa limenyooka. Akaligeuza, akarudi kwenye kola, akaanza upya polepole, kwa sababu hakujua mteja huyu akishachukua nguo yake ataelekea wapi.